Mgonjwa akimkataa muuguzi kwa sababu ya kabila

WAHENGA walisema usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Siku hizi methali hii hutumiwa kwa mambo mengi, lakini sisi tunaofanya kazi ya kutibu huiona ikitimia kwa maana yake halisi. Mgonjwa anaketi mbele ya mtu aliye tayari kumhudumia, anasoma jina lililoandikwa kwenye beji kifuani pake, kisha anageuka na kusema: "Niitieni mwingine. Watu wa kwao siwaamini."

Wakati mwingine si kabila. Ni mama anayemwona daktari mwanamke akiingia chumbani na kumuuliza, "Sista, daktari atakuja saa ngapi?" na hata akielezwa, anasisitiza kuonwa na mwanamume. Ni kijana anayemkejeli mtaalamu wa maabara kwa sababu amevaa hijabu. Ni mzee anayedai kwamba mwanamume kutoka jamii isiyopasha tohara hawezi kumwamuru yeye, mtu mzima, avue shati. Ni mgonjwa kwenye foleni anayesema, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba wenye virusi vya ukimwi wangetengewa mlango wao.

Msomaji anayefanya kazi benki, dukani, hotelini au kwenye matatu anaelewa jambo hili, kwa kuwa kila anayehudumia umma hukutana na mteja wa aina hii. Hata hivyo, kuna tofauti moja. Mwenye duka anaweza kumwambia mteja mwenye matusi aende akanunue sukari kwingine. Daktari hana uhuru wa kiasi hicho, kwa sababu mteja wake anaweza kufa njiani. Kwa hivyo inambidi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja: atibu ugonjwa bila kumpunguzia mgonjwa chochote, na papo hapo akatae maneno yake.

Kuna wanaosema maneno hayavunji mfupa, na kwamba muuguzi anapaswa kuwa na ngozi ngumu. Wanakosea. Kwanza, mgonjwa anayemdharau muuguzi hamwambii ukweli. Hatamweleza kwamba aliacha kumeza dawa za presha miezi miwili iliyopita, au kwamba anakunywa pombe, au kwamba anachanganya dawa za hospitali na za mitishamba. Matibabu yanayotegemea habari nusu huwa matibabu nusu. Pili, muuguzi aliyetukanwa dakika tano zilizopita ndiye huyo huyo anayetakiwa kupima dawa ya mtoto kwa mililita. Mawazo yakiwa kwingine, kosa liko karibu. Tatu, maneno hayo husikika na watu wengine kwenye foleni. Mwenye asili ya jamii iliyotukanwa, akiona hakuna aliyekemea, huenda akainuka na kurudi nyumbani na ugonjwa wake.

Chunguza ugonjwa kwanza

Jambo la kwanza analostahili kufanya daktari akisikia matusi si kujibu. Ni kujiuliza swali moja: ni mtu anayezungumza hapa, au ni ugonjwa?

Kila mmoja wetu ana mawazo ambayo hathubutu kuyatamka. Kazi ya kuyazuia hufanywa na ubongo, hasa sehemu yake ya mbele. Ubongo ukikosa sukari au hewa, ukipandwa na homa kali, au ukigongwa, kizuizi hicho hulegea, na mtu mpole huanza kutoa maneno ambayo jamaa zake hawajawahi kumsikia akiyatamka.

Mfano wa kawaida ni mgonjwa wa kisukari. Akidunga insulini na kukosa kula, sukari hushuka. Inapopungua chini ya kipimo cha 4, huanza kutetemeka, kutoka jasho na kusikia njaa. Ikizidi kushuka, huchanganyikiwa, hukasirika bila sababu na kumtukana kila aliye mbele yake. Anayemwona hudhani amelewa. Dawa yake si mahubiri kuhusu umoja wa taifa. Mpime sukari mara moja, na kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe vijiko vitatu au vinne vidogo vya sukari katika maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari, kisha umpime tena baada ya dakika 15. Ikiwa amezimia, usimtie chochote mdomoni, mkimbize hospitalini.

Mwingine ni mlevi aliyelazwa wodini ghafla. Siku ya kwanza ni mtulivu. Siku ya pili au ya tatu bila pombe, huanza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo na kudai kwamba wauguzi wa kabila fulani wanataka kumuua. Huu ni ugonjwa wa hatari unaoweza kumuua asipotibiwa. Vile vile mzee wa miaka 80 anaweza kuchanganyikiwa kwa siku moja kwa sababu ya maambukizi katika njia ya mkojo au mapafu. Homa ya uti wa mgongo, malaria iliyopanda kichwani, kiharusi, na kichwa kilichogonga lami baada ya kuanguka kutoka kwa bodaboda, yote haya yanaweza kubadilisha ulimi wa mtu.

Kuna pia ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu uzeeni, ambao huja polepole. Mama aliyeishi na majirani wa makabila yote kwa miaka 40 anaanza kuwaita majina mabaya. Jamaa zake huona aibu na kumficha, ilhali angepaswa kupelekwa kwa daktari.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kuwauliza waliomleta: "Je, hivi ndivyo alivyo siku zote?" Wakisema maneno hayo yalianza leo au wiki hii, chukulia kwamba ni ugonjwa hadi vipimo vioneshe vingine. Wakicheka na kusema baba yao amekuwa hivyo tangu ujana, basi hiyo ni tabia, na tabia ina namna yake ya kushughulikiwa.

Si kila ombi ni ubaguzi

Kabla ya kumwita mgonjwa mbaguzi, ni lazima kusikiliza anachoomba hasa. Mwanamke anayeomba kupimwa sehemu za siri na mwanamke mwenzake, kwa sababu ya dini yake au kwa sababu ya haya, hajamdharau mtu. Palipo na uwezekano atimiziwe. Kikongwe kutoka kijijini anayetaka mtu anayejua lugha ya mama yake anataka kueleweka tu, na kumpatia mkalimani ni sehemu ya tiba. Anayekohoa akiketishwa kando karibu na dirisha na kupewa barakoa hajabaguliwa. Anawakinga wenzake dhidi ya kifua kikuu hadi apimwe.

Halafu kuna woga unaofanana na chuki. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao. Wako wanawake walionajisiwa wakati huo na watu waliowatambua kwa lugha. Mwanamke wa aina hiyo akisikia lafudhi ile ile chumbani mwa daktari, mwili wake huanza kutetemeka kabla hajafikiri. Akisema, "Huyo asinishike," hatoi tusi. Anahitaji mtu wa kumsikiliza, muda, na mshauri aliyefunzwa kushughulikia majeraha ya moyo.

Kwa hivyo mwulize kwa upole: "Mama, ni nini kinachokutia wasiwasi?" Mwenye woga ataeleza yaliyompata. Mwenye dharau ataeleza jinsi watu wa jamii ile walivyo wote, bila kubagua. Majibu hayo mawili hayafanani, na mhudumu mwenye uzoefu huyatambua upesi.

Maneno ya kumwambia

Sasa tuseme vipimo ni vizuri, akili ni timamu, na hakuna jeraha la zamani. Mzee anamkataa muuguzi kwa sababu ya jina lake tu. Wahudumu wengi hufanya mojawapo ya makosa mawili. Wengine hucheka kidogo na kupita, na kicheko hicho humfanya mzee aamini kwamba wote wanakubaliana naye. Wengine hulipuka na kumjibu kwa tusi la kabila lake, na kliniki inageuka kuwa mkutano wa siasa.

Njia bora iko katikati, nayo ina hatua tatu. Kwanza, taja lililosemwa bila kuongeza chumvi. Pili, weka mpaka. Tatu, rudi kwenye ugonjwa. Kwa mfano: "Mzee wangu, nimesikia ulivyosema kuhusu watu wa kwao Sista. Hapa hatuzungumzi hivyo kuhusu mtu yeyote, na hata wewe hakuna atakayekutaja hivyo. Sasa tuangalie hicho kidonda cha mguu, maana ndicho kilichokuleta."

Tazama kwamba heshima ya umri imebaki pale pale. Mzee hajaitwa mjinga wala mkabila. Kilichokataliwa ni maneno, si yeye. Mtu mzima akiaibishwa mbele ya watu, hujitetea hadi mwisho, lakini akipewa mlango wa kutokea, mara nyingi huutumia. Sauti iwe ya chini na ya polepole. Ikiwezekana, yasemwe chumbani mlango ukiwa umefungwa. Lakini kama tusi limetolewa mbele ya foleni nzima, ni vyema jibu fupi nalo lisikike na foleni nzima, ili aliyetukanwa na waliosikia wajue msimamo wa kituo.

Anayestahili kusema maneno haya ni daktari au msimamizi wa zamu. Si haki kumwachia muuguzi kijana ajitetee peke yake mbele ya mtu aliye rika la baba yake. Daktari anayejifanya hakusikia, akiendelea kuandika dawa, amemwacha mwenzake pekee.

Kwa maneno yanayolenga wagonjwa wengine, jibu zuri ni ukweli wa kitabibu. Anayetaka wenye virusi vya ukimwi watengewe vikombe aelezwe kwamba virusi hivyo haviambukizwi kwa vikombe, kwa kushikana mikono wala kwa kuketi benchi moja. Aelezwe pia kwamba anayemeza dawa zake vizuri, hadi virusi visionekane kwenye kipimo cha damu na kubaki hivyo, hamwambukizi mwenzake hata kwa njia ya ngono. Wengi hutoa maneno mabaya kwa sababu ya kutojua, na hunyamaza wakishajua.

Je, muuguzi abadilishwe?

Hili ndilo swali gumu. Ikiwa ni dharura, hakuna mjadala. Anayetokwa na damu ahudumiwe na aliye karibu, na mazungumzo yangoje. Mgonjwa mwenye akili timamu ana haki ya kukataa matibabu, na hatuwezi kumshika kwa nguvu tumdunge sindano. Lakini aelezwe waziwazi hatari ya kukataa, na maelezo hayo yaandikwe.

Ikiwa si dharura, mwulize muuguzi kando kabla ya kuamua lolote. Wengine husema, "Daktari, niache niendelee, nimezoea, atanyamaza." Mwingine atasema leo hawezi, na ana haki ya kusema hivyo bila kuonekana mzembe. Abadilishwe kwa ajili yake, si kwa ajili ya kumfurahisha aliyemtukana. Mgonjwa naye aambiwe kwamba zamu hazipangwi kwa makabila, na kwamba akipendelea kwenda kwingine atapewa barua na majibu ya vipimo vyake. Kumfukuza mtu bila barua wala dawa za kumfikisha anakokwenda si nidhamu, ni kumtelekeza.

Kwenye faili yaandikwe yaliyotokea, si hasira ya mwandishi. "Mgonjwa alikataa kudungwa sindano na muuguzi wa zamu, akitaja kabila lake; akaelezwa; akakubali baada ya dakika 20." Ukiandika "mgonjwa mkorofi", kila atakayesoma faili hiyo atamchukia kabla ya kumwona, na huo nao ni ubaguzi.

Damu haina kabila

Kuna wakati ambapo mgonjwa au jamaa zake huuliza damu inayoongezwa imetoka kwa nani. Ni vyema kujua jambo moja. Tangu mtafiti Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu mnamo 1901, ugunduzi uliompa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1930, tunajua kwamba damu hugawanyika katika makundi ya A, B, AB na O, na baadaye ikajulikana pia aina ya Rh. Makundi hayo yote yamo katika kila kabila. Mtu anaweza kuuawa na damu ya ndugu yake wa tumbo moja isiyopatana naye, na kuokolewa na ya mgeni ambaye hangekula naye meza moja. Maabara hupima kundi, hupima kama damu mbili zinapatana, na hupima virusi vya ukimwi, homa ya ini ya aina B na C, na kaswende. Hakuna kipimo cha jina la ukoo.

Nchi yetu inajua vyema hospitali zinazogawa watu. Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ilianza mnamo 1901 ikiwa na vitanda 40 na jina la Native Civil Hospital, yaani ya Waafrika pekee, wakati ambapo Mzungu na Mwafrika hawakulazwa pamoja. Itakuwa kichekesho ikiwa ukuta uliobomolewa kati ya rangi na rangi utajengwa upya na sisi wenyewe kati ya kabila na kabila.

Sheria inasemaje

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 27, inakataza ubaguzi wa moja kwa moja au wa kichinichini kwa misingi ya kabila, rangi, jinsia, dini, mavazi, lugha, ulemavu, hali ya afya na mambo mengineyo. Kifungu cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haki hiyo ni ya kila mtu, hata mwenye mdomo mchafu.

Wengi hawajui kwamba Sheria ya Afya ya 2017 inamlinda mhudumu pia. Inampa haki ya kutobaguliwa na ya kufanya kazi mahali salama. Inamruhusu hata kukataa kumtibu mtu anayemshambulia kwa mwili au kwa maneno, au anayemsumbua kimapenzi, isipokuwa katika dharura ambapo hakuna mhudumu mwingine. Sheria hiyo hiyo inamtaka mgonjwa awaheshimu wanaomhudumia. Anayevuka mipaka na kuchochea chuki ya kikabila kwa maneno ya matusi au vitisho anaweza kujikuta mashakani chini ya Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo iliweka adhabu ya faini isiyozidi Sh1 milioni, kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili.

Ni kweli kwamba sheria haiponyi kidonda, na sipendekezi kila mzee mwenye maneno apelekwe kituo cha polisi. Lakini kila kituo, hata kliniki ya vyumba viwili mtaani, kinafaa kubandika ukutani haki na wajibu wa mgonjwa, kwa Kiswahili, ili msimamizi awe na kitu cha kumwonesha mteja.

Aliyetukanwa naye atunzwe

Mtu akitukanwa, mwili huitikia kana kwamba anashambuliwa. Moyo hupiga mbio, presha hupanda kwa muda, mikono hutetemeka. Muuguzi apewe dakika chache atoke nje, anywe maji, avute pumzi kupitia puani na kuitoa polepole mara kadhaa kabla ya kurudi kwenye kazi ya kupima dawa. Baadaye msimamizi amwite na kumuuliza hali yake. Neno "pole, nilisikia, na hukustahili" hufanya kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Tusi la mara moja hupita. Yanayorudiwa kila juma, mwaka baada ya mwaka, huleta kukosa usingizi, maumivu ya kichwa, uchovu usioisha na kuichukia kazi. Mwenye dalili hizi kwa zaidi ya wiki mbili asizifiche. Amwone daktari au mshauri, kama ambavyo angefanya kwa ugonjwa mwingine wowote.

Nawe msomaji, siku utakapokuwa upande wa pili wa meza, ukiwa na homa na wasiwasi, una haki ya kumuuliza anayekuhudumia: amehitimu wapi, dawa hii ni ya nini, ina madhara gani, na iko njia nyingine? Uliza maswali hayo yote, na usipotosheka, omba maoni ya daktari wa pili. Ukimsindikiza mzazi ambaye ulimi wake ni mkali, zungumza naye nyumbani kabla ya safari, na uwe karibu naye chumbani. Akiteleza, muombe muuguzi radhi kwa niaba yake, mbele yake. Na ikiwa maneno hayo ni mapya kwake, mweleze daktari kabla ya jambo lingine lolote, kwa maana huenda hiyo ndiyo dalili ya kwanza ya ugonjwa unaoweza kutibika leo.